Timerl dezil wa Ushelisheli: aina nzima ya ndege ilibakiwa na kisiwa kimoja, tujadili kilichomrudisha

Chozi Mweusi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Mwaka 1968 kulikuwa na ndege mmoja mdogo ambaye aina yake nzima, dunia nzima, ilihesabiwa ikawa 26. Hawakuwa 26 wa nchi moja huku wengine wakiishi kwingine. Ishirini na sita basi, na wote walikuwa Cousin, kisiwa cha Ushelisheli chenye hekta 29 kilicho jirani na Praslin. Moto mmoja wa kiangazi, au chombo kimoja kutia nanga na panya ndani yake, na leo tungekuwa tunamsoma makumbusho.

Wenyeji humwita kwa Krioli timerl dezil. Kisayansi ni Acrocephalus sechellensis, wa jamii ya shoro. Kwa sura hatamshangaza mtu: mgongo wa kijani kinachoelekea hudhurungi, tumbo lililopauka lenye umanjano kidogo, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mwembamba. Dume na jike huwezi kuwatofautisha kwa macho. Uzito wake ni gramu 15 hivi. Kinachomtambulisha ni sauti, kwa sababu anaimba kwa mluzi mzito na mtamu unaokaribia kabisa mluzi wa mtu, na asiyemjua hugeuka kutafuta nani anamwita.

Sasa nisikilizeni. Leo ndege hawa wanakaribia 3,000 na wako visiwa vitano. Hakuna hata mmoja kati yao aliyezalishwa kizimbani. Hakukuwa na mashine ya kutotolea mayai, wala chakula cha kuwekewa. Kilichomrudisha ni miti, na baada ya miti, uamuzi wa kutomwacha tena mahali pamoja. Nimefungua uzi huu kwa sababu naona tunapozungumzia kuokoa wanyama tunaruka moja kwa moja kwenye vizimba na walinzi wenye bunduki, na habari ya ndege huyu inasema jambo jingine kabisa.

Nianze na alivyofikia hapo. Visiwa vya ndani vya Ushelisheli viligeuzwa mashamba ya minazi kwa ajili ya mbata. Misitu ya asili ikafyekwa, panya na paka wakafika na vyombo. Mfaransa Émile Oustalet alipomweleza ndege huyu kwa mara ya kwanza mwaka 1877, alitumia ndege waliotoka kisiwa cha Marianne. Huko Marianne akaisha. Cousin nako kulipandwa minazi mpaka msitu ukabaki vipande, lakini kisiwa hicho kilikuwa na bahati moja kubwa: panya na paka hawakuwahi kufika. Ndiyo maana wale wachache walibaki hai.

Mwaka huohuo wa 1968 shirika la kimataifa la kuhifadhi ndege, ambalo sasa linaitwa BirdLife International, lilikinunua kisiwa chote. Nitaeleza walichokifanya, ila kwanza nisome mawazo yenu.

---

BintiKusi

Asante sana mkuu kwa uzi huu. Mimi ni mwalimu wa baiolojia na nilikuwa namjua ndege huyu kwa jina la kisayansi tu, kwenye mada ya jinsia ya vifaranga. Sikujua kwamba alikuwa amefika hali hiyo. Endelea tafadhali, na usisahau habari ya wasaidizi wa kiota.

---

Chozi Mweusi

Mwalimu, sitasahau, hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Tumalize miti kwanza.

Timerl anakula wadudu karibu peke yake, na wadudu hao huwaokota chini ya majani. Anaruka kutoka jani hadi jani, anachungulia upande wa chini, anadonoa. Kwa hiyo kwake kisiwa hakipimwi kwa hekta, kinapimwa kwa majani mapana. Cousin kuna mti unaoitwa mapou, yaani Pisonia grandis, na kuna noni, na mitini. Majani ya miti hiyo yana wadudu tele. Kisiwa kilichojaa minazi kinaonekana kijani ukikitazama ukiwa baharini, lakini kwa timerl ni nyumba yenye jiko tupu.

Kazi iliyofanyika ilikuwa ya panga na subira. Michipukizi ya minazi iling'olewa mwaka baada ya mwaka ili isikue, na miti ya asili ikaachwa ijichipulie yenyewe. Mbegu zilikuwepo, kivuli na udongo vilikuwepo, na ndege wa baharini walikuwepo kwa maelfu wakirutubisha ardhi kwa kinyesi chao. Msitu ukarudi. Ndege wakaongezeka kadiri majani yalivyoongezeka, na kufikia mwaka 1982 walikuwa kama 320, kisha idadi ikakaa hapohapo. Kisiwa kilikuwa kimejaa.

Kutoka 26 hadi 320 kwa miaka 14, kwa kubadilisha aina ya mti tu. Nimesoma habari nyingi za uhifadhi na sijakutana na nyingine iliyo wazi namna hii.

---

mkulima_halisi

Mkuu heshima kwako, lakini hapo kwenye mnazi umenigusa. Mnazi umesomesha watoto, umejenga nyumba, umetupa mafuta, makuti, kamba na tui. Leo tunaambiwa mnazi ni adui wa viumbe? Watu wa visiwa hivyo nao waliishi kwa mbata. Mtu akija na pesa za kununua kisiwa kizima halafu ang'oe minazi, wale waliokuwa wakivuna walikula nini?

---

Chozi Mweusi

Ndugu yangu, swali lako ni la haki na sitalikwepa.

Mnazi si adui, na sijasema minazi yote ya Ushelisheli iondolewe. Mpaka leo ipo kila upande. Ubaya ulikuwa mmoja: kisiwa baada ya kisiwa kilipandwa zao lilelile mpaka pakakosekana pa kuishi kiumbe asiyetumia mnazi. Mkulima akichukua visiwa tisa na ndege akaachiwa cha kumi, wote wawili wanaishi. Hapa ndege hakuachiwa hata hicho kimoja. Alibaki Cousin kwa kuwa tu waliopanda minazi hawakufika na panya.

Kuhusu watu kula nini: Cousin sasa inaendeshwa na Nature Seychelles, shirika la Ushelisheli lenyewe, tangu mwaka 1998. Wageni huja kwa siku, hawaruhusiwi kulala, wanalipa ada, na ada hiyo ndiyo inayolipa walinzi na kazi za hifadhi. Siwezi kukuambia kwamba kila aliyekuwa akivuna nazi alipata kazi nyingine, na ni sawa kabisa kuuliza hilo kila mahali ardhi inapogeuzwa hifadhi.

---

mkulima_halisi

Nimekuelewa mkuu. Hoja ya kisiwa cha kumi naikubali. Hiyo ya watu bado naishikilia.

---

Nahodha Mstaafu

Vijana wangu, nimesoma kimya kimya sasa nina swali la mtu wa bahari. Hapo Cousin ukisimama unakiona Cousine kwa macho, haifiki hata maili moja. Ndege mwenye mbawa anashindwaje kuvuka? Korongo wa Ulaya wanakuja Afrika kila mwaka, huyu kilomita mbili hawezi? Kisiwa kilipojaa mwaka 1982 kwa nini hawakwenda wenyewe?

---

Chozi Mweusi

Shikamoo mzee wangu. Swali hilo liliwasumbua watafiti pia.

Umbali kati ya Cousin na Cousine ni kilomita 1.6. Watafiti waliwavisha ndege pete za rangi miguuni, kila ndege na mpangilio wake, kisha wakafuatilia nani anaonekana wapi kwa miaka mingi. Waliovuka bahari wenyewe ni wa kuhesabu kwa vidole. Wakapima mbawa, wakapima namna anavyoruka, wakaona hana kasoro ya kumzuia. Kuruka anaweza. Hataki.

Na ukimfikiria kwa mazingira yake, inaeleweka. Ndege mwenye gramu 15 akitoka juu ya maji wakati kusi imeshika, akikosea kidogo hana pa kutua. Waliokuwa na tabia ya kutangatanga walipotea baharini kizazi baada ya kizazi, wakabaki wenye kupenda kukaa. Kwa hiyo tabia iliyomlinda maelfu ya miaka ndiyo iliyomfunga binadamu alipoharibu visiwa vingine. Hakuwa na njia ya kukimbia, na misitu ilipopona hakuwa na njia ya kurudi.

Kusi hiyohiyo ina jambo jingine, mzee. Inapovuma, chumvi ya bahari inarushwa juu ya miti ya ufukweni na majani yanaungua. Himaya, yaani maeneo ambayo ndege hulinda kila mmoja lake, zikiwa pembeni mwa kisiwa zinakuwa na wadudu wachache, za katikati zinakuwa tajiri. Hekta 29 tu, lakini ndani yake kuna mtaa wa wenye nacho na mtaa wa wasio nacho. Shikilieni hilo, maana mengine yote yanatoka hapo.

---

Nahodha Mstaafu

Marahaba. Hapo nimeridhika. Kusi naijua, hata mtu mzima haitaki utani.

---

Chozi Mweusi

Sasa mwalimu BintiKusi, tufike kwenye wasaidizi.

Kisiwa kilipojaa, vijana walikosa pa kuanzisha himaya. Badala ya kuondoka, walibaki kwa wazazi wao. Wengi wa waliobaki ni majike, na hawakukaa bure: wanasaidia kulinda himaya, wanalisha makinda, na majike wasaidizi wanasaidia hata kuatamia. Mtafiti Mholanzi Jan Komdeur alianza kuwafuatilia katikati ya miaka ya 1980 na kazi hiyo inaendelea mpaka leo, ikishirikisha vyuo vikuu vya Groningen, East Anglia na vingine. Karibu kila ndege wa Cousin ana pete, anajulikana kwa mama, baba na mahali anapoishi. Ukoo mzima umeandikwa.

Swali lilikuwa: vijana hawa wanasaidia kwa sababu wanapenda, au kwa sababu hawana pa kwenda? Jibu lilikuja kwa namna ambayo hakuna maabara ingeweza kulitoa. Mwaka 1988 ndege 29 walikamatwa Cousin wakapelekwa kisiwa cha Aride ili aina hii isiwe tena mahali pamoja. Himaya walizoziacha zilibaki wazi. Mnajua zilikaa wazi muda gani? Saa chache. Wasaidizi waliokuwa himaya za jirani waliacha kusaidia wakaenda kuzimiliki. Na walichagua: msaidizi aliyekuwa kwenye himaya tajiri hakukubali kuhamia himaya maskini hata kama ilikuwa wazi. Alisubiri iliyo nzuri kama ya kwao, au bora zaidi.

Kule Aride nako, ambako kila ndege alikuta ardhi tele, mwanzoni hakuna aliyesaidia mtu. Vijana walijitegemea mara moja. Usaidizi ulianza kuonekana baadaye, himaya nzuri zilipokwisha. Ndege walewale, damu ileile, tabia ikabadilika kwa sababu ya nafasi. Nilipolisoma hili mara ya kwanza nilikaa nalo muda mrefu, kwa sababu linamkataza mtu kusema "ndege fulani tabia yake ni hii" bila kuuliza anaishi wapi na kwa nafasi gani.

---

BintiKusi

Mkuu naomba niongezee la jinsia kwa kuwa nalifundisha.

Kwa ndege, tofauti na sisi, mama ndiye anayebeba kinachoamua jinsia ya mtoto. Timerl kwa kawaida hutaga yai moja tu. Sasa, utafiti uliotolewa mwaka 1997 ulionyesha kwamba jike anayeishi himaya maskini hutoa madume mara nyingi zaidi, asilimia 77. Anayeishi himaya tajiri, madume ni asilimia 13 tu, wengine wote ni majike.

Sababu ni ileile aliyoieleza mkuu. Mtoto wa kike atabaki nyumbani kusaidia. Penye wadudu wengi, msaidizi ni faida kubwa. Penye wadudu wachache, msaidizi ni mdomo wa ziada unaomaliza chakula cha mdogo wake. Afadhali mtoto wa kiume ambaye ataondoka. Na himaya tajiri ikishakuwa na wasaidizi wawili au zaidi, mama anageukia madume, kwa sababu hapo wa tatu naye anakuwa mzigo.

Ushahidi ulionishawishi mimi ni huu: majike waliotolewa himaya maskini wakawekwa himaya tajiri walibadilika. Waliokuwa wakitoa madume wakaanza kutoa majike. Mama ni yuleyule.

Wanafunzi wangu kila mwaka huuliza mama "anajuaje". Hakai kuwaza. Ni mwili unaoitikia hali ya mahali, na namna hasa unavyofanya hivyo ndicho watafiti bado wanakichunguza.

---

Kalamu ya Risasi

Wakuu samahani, mimi nitasema wanachofikiri wengi. Pete za rangi, vyuo vikuu, miaka thelathini na zaidi ya utafiti, kisiwa kizima kimenunuliwa, yote kwa ndege wa gramu 15 asiyeliwa wala kufugwa. Aina zimekuwa zikitoweka tangu dunia iumbwe. Je, pesa hizo zingejenga zahanati ngapi? Sisemi kwa ubaya, naomba jibu la kweli.

---

Chozi Mweusi

Ndugu Kalamu, nashukuru umeuliza kwa heshima, nami nitajibu hivyohivyo.

Kwanza, fedha za hifadhi ndogo kama Cousin hazikunyang'anywa kwenye zahanati. Nyingi ni za wafadhili na za wageni wanaokuja kuona ndege hao. Wasingekuwepo ndege, pesa hizo zisingekuja Ushelisheli.

Pili, kisiwa hakikuokolewa kwa ajili ya timerl peke yake. Kasa aina ya ng'amba wanapanda Cousin kutaga kwa wingi, ilhali sehemu nyingine waliwahi kumalizwa kwa ajili ya magamba yao. Ndege wa baharini wanazaliana hapo kwa makundi makubwa. Pi santez, ndege mwingine wa Ushelisheli aliyekuwa amebaki kisiwa cha Frégate peke yake, naye alipata makao Cousin miaka ya 1990. Ukirudisha msitu kwa ajili ya mmoja, wanaingia wengi.

Tatu ndiyo iliyo moyoni mwangu. Kwamba aina zimekuwa zikitoweka ni kweli. Huyu hakuwa anatoweka hivyo. Tuliufyeka msitu wake, tukaleta panya, tukapanda zao letu kila mahali. Mtu akivunja mlango wa jirani hasemi milango huvunjika tangu zamani.

---

Kalamu ya Risasi

Hapo la pili limenishika zaidi kuliko la tatu. Sikujua habari ya ng'amba. Endelea.

---

Somo Wetu

Jamani mimi nimependa habari ya mabinti wanaobaki kwa wazazi. Je, wazazi wakizeeka inakuwaje? Wanafukuzwa?

---

BintiKusi

Somo, umeuliza swali zuri sana.

Jike akizeeka anaweza kupoteza nafasi yake ya ukuu kwenye himaya, jike mwingine akaichukua, mara nyingi binti yake mwenyewe. Wengine hawaondoki. Wanabaki hapohapo kama wasaidizi, wakilisha watoto wa watoto wao. Bibi anayelea wajukuu. Jambo hili liliandikwa na watafiti mwaka 2007, na ni nadra sana kulithibitisha kwa ndege, kwa sababu lazima uwe unamjua kila ndege na ukoo wake. Cousin linawezekana kwa kuwa karibu wote wana pete na ni nadra sana mmoja kuondoka.

Na utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba majike wenye wasaidizi wanazeeka polepole kuliko wasio nao. Kazi ya kulisha inagawanywa, mwili haumaliziki upesi. Ndege hawa wadogo huishi miaka mingi kwa umbo lao, wako waliofikia miaka 19.

---

Somo Wetu

Miaka 19 kwa gramu 15! Mungu ameumba.

---

Chozi Mweusi

Ameumba kweli, Somo. Nami niongeze la madume ili wasionekane wamekaa bure. Kuna ndege mdogo mwingine wa huko anayeitwa toktok, naye hula mayai ya timerl. Yai ni moja, likiliwa msimu umepotea. Kwa hiyo jike anapotoka kwenda kula, dume hukaa karibu na kiota kulinda. Aride, ambako wakati ule hapakuwa na toktok, madume hawakulinda. Walitumia muda huo kujitafutia chakula. Tena ni mahali panapoamua.

Sasa nimalizie habari ya uhamisho. Baada ya Aride mwaka 1988, ndege 29 walipelekwa Cousine mwaka 1990. Mwaka 2004 walipelekwa 58 Denis. Mwaka 2011 walipelekwa 59 Frégate. Kote huko walishika. Aride, ambacho ni kikubwa zaidi ya mara mbili ya Cousin, kilipokea 29 na wakaja kupita 1,000. Denis ni kisiwa cha matumbawe, si cha mawe ya itale kama Cousin, na timerl hakujali. Majani mapana yalikuwepo, wadudu walikuwepo.

Cousin nako kila mara walipotolewa ndege, pengo liliziba haraka, kwa sababu wasaidizi walikuwa wamesubiri nafasi. Ndege wale hawakupungukiwa uzazi, walipungukiwa pa kuishi. Hatua kwa hatua akashushwa daraja za hatari, na mwaka 2015 akawekwa kwenye daraja la wanaokaribia kuwa hatarini. Huyu ni ndege aliyekuwa ukingoni kabisa.

---

mkulima_halisi

Mkuu, mimi nafuga kuku. Ukizalisha kutoka kuku wachache wa ukoo mmoja, baada ya muda wanadhoofika. Hawa wametoka 26. Hilo halijawagusa?

---

Chozi Mweusi

Limewagusa, na ni vizuri umelileta maana nisingependa uzi huu uonekane wa ushindi mtupu.

Watafiti walichukua vipande vidogo vya ngozi kutoka kwa timerl waliohifadhiwa makumbusho, waliokusanywa tangu miaka ya 1870, wakalinganisha na wa leo. Waligundua kwamba karibu robo ya utofauti wa kijenetiki ilipotea katika kile kipindi cha uchache. Hiyo hairudi kwa kuongeza idadi. Ndege 3,000 wa leo wote wanatokana na wale wachache, na wakija kupatwa na ugonjwa mpya, watakuwa na silaha chache za mwilini kuliko mababu zao. Hapa ndipo ninapoona tofauti kati ya kumwokoa ndege akiwa 2,000 na kumwokoa akiwa 26. Ukisubiri, utampata, lakini hutampata mzima.

Ndiyo maana pia kwenye uhamisho wa mwisho walichukua karibu 60 badala ya 29, ili wabebe sehemu kubwa zaidi ya kilichobaki.

---

Somo Wetu

Na sisi wa Pemba? Nimesikia tuna ndege wetu ambao hawapo kwingine.

---

Chozi Mweusi

Wapo Somo, aina nne: kinengenenge wa Pemba, chozi wa Pemba, bundi mdogo na njiwa wa kijani. Kinengenenge na chozi wanaonekana hata mashamba ya karafuu na bustanini, kwa hiyo hawako katika hali aliyokuwa timerl. Bundi na njiwa wanahitaji miti mikubwa zaidi. Wanastahili uzi wao, na ingependeza uanzishwe na mtu wa huko.

---

Kalamu ya Risasi

Mkuu swali la mwisho kwangu. Kama majani mapana ndiyo yanayotakiwa, Mahé ni kisiwa kikubwa kuliko vyote huko, kina misitu milimani. Kwa nini wasipelekwe Mahé wakawa maelfu kwa maelfu?

---

Chozi Mweusi

Kwa sababu Mahé kuna panya na paka, na kisiwa cha ukubwa ule chenye watu na bandari huwezi kuwamaliza. Vile vinne vilivyochaguliwa vyote ni visivyo na wanyama hao. Denis na Frégate walikuwepo, ikabidi waondolewe kwanza, ndipo ndege wakaletwa.

Frégate ni mfano wa kutisha. Mwaka 1995 panya waliingia pale, wakati pi santez wengi waliobaki duniani walikuwa kisiwani humo. Ilichukua mpaka mwaka 2000 kuwaondoa. Timerl walikuja mwaka 2011, miaka kumi na zaidi baadaye, kwenye kisiwa kilichosafishwa. Miti peke yake isingetosha pale. Lazima miti iwepo na panya asiwepo.

---

Nahodha Mstaafu

Hili la panya naweza kulithibitisha kwa miaka niliyokaa baharini. Panya mara nyingi haji kwa kuogelea, anakuja na mzigo: gunia la mchele, mabua, vifaa vya ujenzi. Anashuka usiku kwa kamba ya kufungia chombo na hakuna anayemwona. Tulikuwa tukiweka vizuizi kwenye kamba na bado walipita. Hao wa Cousin wanajilindaje, ikiwa wageni wanakwenda kila siku?

---

Chozi Mweusi

Mzee, chombo cha wageni hakiruhusiwi kugusa ufukwe wa Cousin. Kinasimama majini, wageni wanahamishiwa kwenye boti za hifadhi yenyewe, na walinzi ndio wanaowaleta nchi kavu. Kinachoingia kisiwani kinakaguliwa. Wanafanya hivyo kwa kila kundi la wageni, kila siku wanayopokea watu.

---

Nahodha Mstaafu

Basi wanajua kazi. Na hiyo kazi haina siku ya kumalizika.